Breka ya betri ya sola: inaanguka, inachemka, au imekaa juu wakati inatakiwa ianguke

Simu nyingi hunijia kati ya magharibi na isha, na ni za breka: ile swichi ya kinga kati ya betri na inveta, inayojishusha yenyewe na kukata umeme. "Fundi, breka ya betri imeanguka tena, tukanunue kubwa zaidi?" Jibu langu halibadiliki: usinunue kitu. Iache chini kwanza uniambie. Ilishika muda gani kabla ya kuanguka? Ukiigusa ina joto? Nini kilikuwa kimewashwa? Kwa majibu hayo matatu huwa nimeshajua nusu ya kazi kabla sijapanda pikipiki.

Nazungumzia nyumba za kawaida tunazozifunga hapa Unguja: betri ya lithiamu ya volti 48, inveta ya kilowati 5, paneli juu ya bati, na umeme wa ZECO (shirika la umeme la Zanzibar) unaingia pale mita ya TUKUZA inapokuwa na salio. Mwenye betri za volti 24 afuate hesabu hizi hizi, ila akumbuke kuwa kwa mzigo ule ule ampea zake ni mara mbili.

Kabla hujafungua sanduku, vua pete na saa, na uifunge spana yako tepu mpaka ibaki mdomo tu. Umeme wa ZECO unauzima kwenye meni suichi ukaisha. Betri haina pa kuzimiwa. Vichwa vyake viko hai usiku na mchana. Spana ikilala juu ya vichwa viwili vya betri haikupigi shoti ukaruka, inayeyuka.

Inaanguka baada ya muda, mzigo ukiwa mkubwa

Hapa breka huwa haina kosa. Tupige hesabu ya nyumba ya mwezi wa Ramadhani: birika wati 2,000, pasi 1,200 kwa kanzu ya tarawehe, pampu ya maji kama 800, friji na feni 300. Jumla 4,300. Watu hugawa kwa 48 wakapata ampea 90, wakasema breka ya 100 inatosha. Lakini inveta nayo inakula yake, kama asilimia 8 hivi, kwa hiyo betri inatoa 97. Na betri ikishuka mpaka volti 46 ampea zinapita 101, kwa sababu wati ni zile zile na volti zimepungua.

Kuna jambo jengine ambalo mita ya kawaida haikuonyeshi. Inveta haichoti umeme kwenye betri kwa mkondo mtulivu kama maji ya bomba. Inauvuta kwa mawimbi, mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme inaoutengeneza ni wa herzi 50. Kinachopasha moto chuma kilicho ndani ya breka ni mawimbi hayo pamoja na vilele vyake, wala si wastani peke yake unaousoma kwenye kioo. Ndiyo maana breka inayolingana sawasawa na hesabu huwa ndogo.

Kwa inveta ya kilowati 5 mimi nahesabu hivi: 5,000, gawa kwa volti 46, gawa tena kwa 0.92, unapata 118. Zidisha kwa 1.25, inakuwa 148. Natafuta breka ya 150, au 160 ikikosekana.

Usiende dukani bado. Breka inalinda waya. Inveta na betri zina kinga zao. Waya wa shaba wa milimita 35 za mraba, uliobanwa ukutani, hubeba kama ampea 140 kwenye joto la nyuzi 30. Chumba cha bati mwezi wa Februari kinafika 40, na hapo waya huo huo ni wa 120 tu. Ukiufungia breka ya 150, siku ya matatizo waya ndio utakaokuwa fyuzi. Kwa breka ya 150 nafunga milimita 50. Na nikikuta waya wa 25 na breka ya 100 inayoanguka kila futari, nasema wazi: breka ni nzuri, badilisha waya au subirisha pasi mpaka birika lichemke.

Angalia pia kibandiko cha betri yenyewe. Betri nyingi za ampea-saa 100 zina BMS (bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri) inayoruhusu ampea 100 tu. Ukiwa na betri moja ya namna hiyo, breka ya 150 haitoanguka kwa mzigo hata siku moja, maana betri itakata kabla yake.

Inaanguka wakati mzigo ni mdogo, na ina moto

Hii ndiyo inayowalisha wauza breka. Kitu kimoja cha kujua: breka ya ampea 125 haianguki ukifika 126. Ikizidishiwa kidogo tu inaweza kukaa hata saa nzima. Sasa ikiwa mzigo ni ampea 80 na inaanguka ndani ya nusu saa, kuna kinachoipasha moto ambacho si mzigo.

Niliitwa Jambiani, nyumba iko hatua chache kutoka pwani. Breka ilikuwa ya tatu kwa mwaka mmoja.

"Mwanangu," akaniambia Bi mkubwa mwenye nyumba, "mwenzako aliyekuja juzi kasema tutie ya mia mbili, tupumzike."

"Hapana, Mama. Niachie dakika kumi, niwashie kila kitu."

Mita yangu ya kubana ikasoma ampea 78. (Iwe inayosoma DC, yaani umeme wa betri na paneli. Nyingi za bei rahisi zinasoma AC, umeme wa ukutani, peke yake. Ukiibana kwenye waya wa betri inakupa sifuri, ukadhani hakuna kitu.) Halafu nikageuza mita ya kawaida kwenye milivolti. Ncha moja nikaigusisha kwenye shaba ya waya unaoingia, ncha ya pili kwenye skrubu ya breka, upande huo huo. Kiungo kizima hapo hukupa milivolti chache. Hiki kilisoma 210.

Zidisha: volti 0.21 mara ampea 78 ni wati 16. Wati 16 ndani ya tundu la kuingia kidole. Ni zaidi ya nusu ya chuma cha kulehemu cha fundi redio, kimewekwa kwenye shingo ya breka, na breka haijui kama joto limetoka kwenye mzigo au kwenye kiungo kibovu. Inachojua ni kuwa chuma chake kimejipinda, basi inaanguka.

Nilipolegeza skrubu nikaona yote. Kebo ilikuwa ya 50, tundu la breka lilikuwa la 35. Fundi akakata nyuzi za pembeni kwa kisu ili iingie, kama mtu anayechonga penseli. Zilizobaki hazikuvishwa kofia ya shaba, skrubu ikazisambaza pembeni badala ya kuzibana, na upepo wa kusi wenye chumvi ukamaliza kazi: shaba imeota ukijani, unga unamwagika. Breka mbili za mwanzo zilikufa kwa kebo hiyo hiyo na kila mara kebo ilirudishwa ilivyo.

Dawa yake haikuwa breka ya mia mbili. Nilikata kebo mpaka pale shaba inapong'aa, nikabana lagi, kichwa cha shaba cha mwisho wa kebo, kwa mashine (si kwa nyundo), nikavisha mpira wa kusinyaa, nikatia breka yenye vichwa vya boliti vinavyopokea lagi. Siku hizi juu ya ampea 100 sinunui tena zile za tundu na skrubu, hata ziwe za bei nusu. Nilipopima tena kiungo kilisoma milivolti 6.

Kiungo kikiwa kizima na bado inaanguka mchana wa kaskazi, tazama sanduku. Breka nyingi za majumbani zimepimwa kwa joto la nyuzi 30, nyengine 40. Angalia karatasi yake. Sanduku la plastiki lisilo na tundu, limepachikwa juu ya inveta inayopumua moto, linapita 50 bila shida, na hapo breka ya 125 inafanya kazi kama ya 110 au chini yake. Mara nyingi nimeshusha sanduku nusu mita tu, tatizo likaisha. Na ukizibana breka mbili bega kwa bega, zinapashana moto. Ziachie nafasi ya kidole.

Inaanguka pale pale unapoiwasha

Hujawasha hata taa, unapandisha breka, "tak!", inarudi chini. Au inashika lakini umesikia mlio na kuona cheche. Ndani ya inveta kuna kapasita kubwa zilizo tupu, na tupu hiyo kwa betri ni sawa na shoti ya sekunde ndogo sana. Mkondo unaruka kwa mamia ya ampea na sehemu ya sumaku ya breka inaona hatari.

Usiipandishe mara tano kwa nguvu mpaka ikubali. Kila cheche inatafuna uso wa shaba ndani, na breka uliyoilazimisha leo ndiyo itakayochemka mwakani. Jaza kapasita taratibu: rezista ya omu 30 hivi, ya wati 25 au zaidi, iguse pande mbili za breka ikiwa chini kwa sekunde kadhaa, kisha pandisha breka papo hapo. Utasikia kimya. Wengine hutumia balbu ya gari lori ya volti 24, mbili mfululizo. Inawaka, inafifia, ikizimika ndio wakati wake.

Ikiwa hata baada ya kujaza bado inaanguka papo hapo, basi ni shoti kweli, au waya zimegeuzwa. Hapo acha kabisa, toa waya wa inveta, pima.

Haijawahi kuanguka

Mteja huisema kwa fahari: "Hii niliyofungiwa haijaanguka hata siku moja." Mimi ndiyo inayonitia wasiwasi.

Umeme wa ZECO ni AC. Mkondo wake unashuka mpaka sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche inayozaliwa breka inapofunguka inakufa yenyewe pale sifuri inapopita. DC haina sifuri hiyo. Cheche ikishazaliwa inaendelea kuwaka kama moto wa kulehemu, mpaka ivutwe ikawa ndefu, igawanywe na kupozwa. Breka ya DC ina chumba maalumu na mara nyingi sumaku ya kuisukuma cheche humo. Breka ya AC huenda haina nguvu hiyo, na ukiitia kwenye betri itakaa vizuri miaka mitatu, mpaka siku moja utakayoihitaji.

Nimezikuta nyingi. Umeme wa Unguja ulipopotea kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, watu walinunua majenereta, na breka za majenereta yale hazikutupwa. Leo nazikuta kwenye betri za lithiamu, bado na rangi ya fundi wa zamani. Geuza kibandiko ukisome. Ukiona wimbi dogo mbele ya 230 au 400 na hakuna kingine, hiyo ni ya AC. Alama ya DC ni mstari mmoja mnyoofu na chini yake vistari vitatu. Zipo breka zenye alama zote mbili na volti tofauti kwa kila moja. Hizo ni halali, mradi usome volti ya DC na idadi ya poli (njia za mkondo ndani ya breka) zinazotakiwa kupitiwa kwa mfululizo ili kuifikia.

La pili ni alama za kujumlisha na kutoa zilizochapwa kwenye breka yenyewe. Hiyo ni breka ya upande mmoja: sumaku yake inaisukuma cheche kwenye chumba mkondo ukija kutoka upande iliopangiwa. Ukija kinyume, inaisukuma nje ya chumba.

Hili nimelipa ada yake. Si kwenye betri, ilikuwa upande wa paneli: paneli 8 mfululizo, volti zaidi ya 300, saa sita mchana. Nilikuwa nimeifunga kichwa chini miguu juu, na sikujua, kwa sababu mchana kutwa ilifanya kazi kama kawaida. Nilipoishusha, mkono wa breka ulishuka, lakini ndani ikaanza kuchirizika kama samaki anayekaangwa, halafu harufu ya plastiki. Kijana wangu alikimbilia juu ya bati na turubai afunike paneli. Alipofunika ya tatu breka ilikuwa imeshajimaliza yenyewe, na ukuta umebaki na doa jeusi. Mwenye nyumba hakunidai. Nilipaka chokaa mwenyewe.

Kwenye paneli mkondo huenda upande mmoja, kwa hiyo breka ya alama inafaa ikifungwa sawa. Kwenye betri mkondo unakwenda na kurudi: mchana unaingia, usiku unatoka. Na ukiwa na betri mbili sambamba, ikipata shoti moja, ya pili inamimina kinyumenyume kupitia breka ya mwenzake. Kwa hiyo kwa betri natumia isiyo na alama ya upande, tu.

Ya tatu ni uwezo wa kukata shoti, ile namba ya 6000 au 10000 ambayo wauzaji hawaijui. Seli kubwa za ampea-saa 280 zina ukinzani wa kama robo ya miliomu kila moja. Seli 16 ni miliomu 4. Ongeza 3 za waya na viungo. Volti 51 gawa kwa 0.007 ni ampea zaidi ya 7,000. Breka ya 6000 imeshapitwa, na hiyo ni betri moja. Utasema BMS itakata. Pengine, lakini transista za BMS zikiungua mara nyingi hubaki zimeungana, mlango wazi.

Ndiyo maana siiachii breka peke yake. Karibu kabisa na kichwa cha kujumlisha cha kila betri natia fyuzi ya daraja la T, ambayo hukata mpaka ampea 20,000 za DC, kisha breka inafuata kama swichi na kinga ya mzigo. Fyuzi bapa za redio za gari, hata ziandikwe ampea 200, nyingi ni za volti 32. Hazina kazi kwenye betri ya 48.

Inveta inazima lakini breka iko juu

Hili tusilipoteze muda. Pima volti kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye vichwa vya inveta, mzigo ukiwa umewashwa. Betri ina 50 na inveta inaona 46: kuna kiungo kinachokula volti 4, rudi kwenye milivolti kama nilivyofanya Jambiani, na fanya haraka, maana kwa ampea 80 hizo ni wati 320 za joto mahali fulani. Zote mbili zimeshuka pamoja: betri imekwisha au ni ndogo. Betri inasoma sifuri: BMS imekata. Na kama breka iko juu, upande mmoja una volti na wa pili hauna, shaba za ndani zimeungua. Tupa, usiifungue kuisugua msasa. Wakati mwengine ni mjusi au sisimizi waliojenga ndani.

Ukisimama kaunta ya duka Darajani

Volti kwanza. Betri ya "48" ya seli 16 ikijaa inafika 58.4, kwa hiyo iliyoandikwa DC 48 au 50 irudishe. Mimi nataka 80 au zaidi. Halafu ampea kwa hesabu ya juu, alama ya DC, isiyo na upande, 10000 ikipatikana, na vichwa vya boliti. Ipime kwa mkono: ile nyepesi kama kiberiti, yenye 125 kubwa kwenye karatasi ya kubandika inayobanduka kwa ukucha, mwachie mwenyewe.

Akikosa ya 125 atakwambia uchukue mbili za 63 uzifunge sambamba. Kataa kwa adabu. Hazigawani sawa, na siku ya shoti moja inatangulia kufunguka, mzigo wote unamwangukia mwenzake aliye peke yake.

Ukishafunga, chukua peni ya wino usiofutika uweke mstari mmoja unaopita kwenye boliti mpaka kwenye lagi, na tarehe ubavuni. Baada ya mwezi rudi utazame. Mstari ukiwa umevunjika, boliti imegeuka. Tenganisha betri, kaza, chora mwengine.